Udi si Upawa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nimeomba nafasi katika gazeti letu muhula huu ili niseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, na kweli ni dogo kwa kimo, maana halizidi punje ya mchele. Nataka kusema juu ya picha ndogo zinazokaa katika programu za kompyuta za kutengenezea muziki, zile ambazo mtu huzibonyeza ili wimbo uanze, usimame, ufutwe au uhifadhiwe. Wataalamu huziita aikoni. Mimi nitaziita vipicha. Jambo hili limeigawa klabu yetu ya kompyuta pande mbili, na mwisho wa muhula uliopita upande wangu ulishindwa kwa kura tatu. Basi mtu aliyeshindwa kwa kura hana pengine pa kusemea ila gazetini, na namshukuru mhariri, ambaye alipiga kura upande ule mwingine, kwa kunipa kurasa hizi.

Kwanza sina budi kukiri kosa langu, kwa sababu wengi wanalijua, na wasipolisikia kwangu watalisema wao. Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilipewa kazi ya kutengeneza mapigo ya ngoma ya wimbo wa mahafali ya kaka zetu. Kwa wiki tatu, kila Jumamosi na kila jioni niliyopata ruhusa, nilikaa katika chumba cha kompyuta nikipanga pigo moja moja. Siku moja kabla ya mahafali kazi ilikwisha. Kengele ya prepu ilikuwa imekwisha kulia, mwalimu wa zamu amesimama mlangoni na funguo mkononi, nami nikatafuta pale juu kipicha cha kuhifadhi. Niliona karatasi nyeupe, na kando yake kidude cha mraba chenye kilango kidogo. Nikawaza: kuhifadhi ni kuandika, na kuandika ni karatasi. Nikabonyeza karatasi. Programu ikaniuliza neno kwa Kiingereza, nami kwa haraka nikajibu nisilolisoma. Kumbe karatasi ile maana yake ilikuwa kuanza kazi mpya, na kazi yangu ikatoweka yote. Kesho yake kaka zetu waliimba kwa makofi matupu mbele ya wazazi wao.

Sitaitaja programu ile, maana iliniuliza nami sikusoma. Kosa ni langu. Lakini tangu siku ile nilitaka kujua kile kidude chenye kilango ni kitu gani. Mwalimu alinieleza ya kuwa ni picha ya disketi, yaani sahani ya sumaku ndani ya ganda la plastiki, ambayo zamani watu waliwekea kazi zao za kompyuta. Ile ya kawaida ilichukua megabaiti 1.44 tu, haitoshi hata wimbo mmoja wa siku hizi. Kampuni ya Sony iliacha kuziuza huko Japani mwaka 2011, wakati mimi nilikuwa sijajua kusema sawasawa. Basi twatakiwa kuijua sura ya kitu kilichokufa kabla hatujaanza kusoma. Wengine watasema hapana ubaya, maana hata herufi A, twaambiwa, hapo kale ilikuwa picha ya kichwa cha ng'ombe, wala hakuna anayemtafuta ng'ombe anapoisoma. Ni kweli. Lakini herufi twafundishwa darasani mwaka mzima, kwa wimbo na kwa fimbo, na vipicha hakuna anayetufundisha. Kipicha chapasa kijieleze chenyewe.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa bweni huku Tanga ana haki gani ya kugeuza programu za watu? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ziko programu za muziki ambazo hazikutengenezwa na tajiri ili auze. Zimetengenezwa kwa msaragambo. Wasiolijua neno hili wawaulize wenzetu wa milimani: ni kazi ya kijiji kizima, huyu aja na jembe, huyu na ndoo ya maji, na yule asiye na kitu huwaimbia wenzake wasichoke. LMMS ilianzishwa kwa njia hiyo mwaka 2004, na Hydrogen, programu ya kupangia mapigo ya ngoma, ni ndugu yake. Audacity, ambayo kwaya yetu huitumia kurekodia, ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, ikatolewa kwa watu mwaka 2000. Tangu mwaka 2021 imo mikononi mwa kampuni, lakini msimbo wake ungali wazi. Katika kazi hizi mmoja huandika msimbo, mwingine hutafsiri maneno, mwingine hutafuta makosa, na mwingine, ambaye pengine hajui kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, huchora vipicha. Hati zao za ruhusa husema wazi ya kuwa kila mtu aweza kuzitumia, kuzichungua, kuzigeuza na kuzigawa, mradi asiwanyime wengine ruhusa aliyopewa yeye. Katika LMMS vipicha vya sura yake hukaa katika folda moja, kila kimoja na faili yake. Ukinakili folda hiyo, ukabadili picha mle ndani bila kubadili majina yake, kisha ukaielekeza programu kwenye folda yako, basi yavaa nguo ulizoishonea. Hakuna barua ya kuomba ruhusa, wala muhuri.

Tena iko sababu nyingine ya kutoketi kitako. Mwaka 1991 watengenezaji wa vyombo vya muziki vya umeme walikubaliana orodha moja ya sauti, iitwayo General MIDI, ili namba moja itoe sauti ya aina moja katika kila mashine, na mpaka leo programu nyingi huifuata. Orodha hiyo ina sauti 128. Namba 1 ni piano. Magitaa yana nafasi nane. Mlio wa ndege umo, wa helikopta umo, na namba 128 ni mlio wa bunduki. Ala za mataifa mengine zimewekwa pamoja kuanzia namba 105 hata 112: sitari ya Kihindi, banjo, shamisen na koto za Kijapani, kalimba, bagpipe, fidla na shanai. Katika fungu hilo Afrika, ukiiacha banjo ambayo asili yake ilivuka bahari pamoja na watumwa, imepata kalimba peke yake. Zumari haimo, ingawa shanai ni ndugu yake. Kanuni haimo. Helikopta imo, udi haumo! Nilipoisoma orodha hii nilikasirika, nikaenda nayo kwenye klabu nikiwa na hasira ileile, na hapo ndipo mgogoro ulipoanza.

Tulikubaliana tushone sura ya kwetu, na tukusanye kabati la sauti za pwani, kila ala na kipicha chake. Mpaka hapo hatukuwa na ugomvi. Lakini mawazo yalipoanza kutolewa, mmoja alitaka twiga awe kipicha cha kuanzisha wimbo, mwingine akataka Mwenge wa Uhuru uwe wa kurekodi, na wa tatu akataka Mlima Kilimanjaro uwe wa kusimamisha, ati kwa sababu mlima hausogei. Walipigiwa makofi. Nikauliza, mtu asiyekuwamo katika chumba hiki atajuaje ya kuwa twiga maana yake ni kuanza? Nikaambiwa sina uzalendo.

Nataka kujibu hapa kwa utulivu, maana siku ile sikujibu kwa utulivu. Kipicha si bendera. Bendera kazi yake ni kuonyesha mwenye nyumba ni nani. Kipicha kazi yake ni kama ya mpini wa mlango, mkono uupate hata gizani. Ile pembetatu ya kuanzisha, mraba wa kusimamisha na duara jekundu la kurekodi, baba zetu walizijua katika redio kaseti, na watoto wetu wa darasa la pili wanazijua katika simu za mama zao. Hizo tuziache. Ukizigeuza kwa sababu ya fahari, utamtesa mtoto wa watu bure, na huyo mtoto ndiye mimi wa mwaka jana. Niliomba twiga ajaribiwe kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza kama tulivyojaribu vipicha vingine. Nikajibiwa ya kuwa twiga hapimwi.

Wasiojua kazi yenyewe niwaeleze kidogo. Kipicha hupangwa kwa vitone vya mraba viitwavyo pikseli. Kipicha cha vitone 16 kwa 16 kina vitone 256 tu, wala hakuna nusu ya kitone. Tulianza bila kompyuta, maana mashine zetu zinazowaka ni sita, wanachama ni wengi, na umeme nao una tabia zake. Tulichukua daftari za hesabu zenye miraba, tukapigia mstari miraba 16 kwenda na 16 kushuka, kila mtu akapaka kwa penseli. Msidhani hiyo ni njia ya maskini. Bibi Susan Kare, aliyechora vipicha vya kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alianza katika daftari la miraba, 32 kwa 32, na amesema mwenyewe ya kuwa kazi hiyo inafanana na kudarizi na kupanga vigae. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu kule Pangani, ambaye husuka ukili wa mikeka. Hachori kitu chini. Huhesabu miyaa, miwili myekundu, mmoja mweupe, na akiruka mmoja tu ua lote lapinda, naye hufumua bila kunung'unika. Miyaa haikubali mviringo, na miraba vivyo hivyo. Mviringo wake ni ngazi ndogo ndogo ambazo jicho huzisamehe likiwa mbali. Likizo iliyopita nilimwonyesha tari niliyoichora. Akalishika daftari mbali na macho, akasema, "Mjukuu wangu, hapa umezidisha mmoja." Nikahesabu. Nilikuwa nimezidisha mmoja.

Waliochora jahazi walifurahi kuliko wote, na nilidhani watanishinda kwa haki. Walisema ya kuwa kazi ikikwisha hutolewa nje ya programu iende kwa watu, nayo ni kama jahazi ling'oalo nanga. Tena jina lenyewe la mji wetu ni tanga. Wazo zuri sana. Lakini tanga la jahazi ni pembetatu, na katika vitone 16 chombo chenyewe kikawa mstari tu, pakabaki pembetatu peke yake. Tuliwaita wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza mmoja mmoja, tukawaambia, "Anzisha wimbo." Wengi walibonyeza jahazi. Likaondolewa, na mchoraji wake hakusema nami kwa siku mbili. Mimi nilileta tranka liwe kipicha cha kuhifadhi. Kila aliyelala bweni ajua tranka ni nini: sanduku la bati lenye kufuli, ambamo mtu huweka sare, sabuni, barua za mama, na ile sukari ambayo mwalimu wa zamu hatakiwi kuijua. Mraba mpana, mstari wa kifuniko, kitone cha kufuli, basi. Watoto wa wiki ya kwanza shuleni walilijua mara moja. Nilipomwuliza mmoja kwa nini amebonyeza pale, alinitazama kana kwamba nimepotewa na akili. "Si ndimo vitu vinamowekwa, kaka?" Tranka lilikubaliwa na pande zote mbili, na naliona ni la kwetu kuliko twiga, ambaye wengi wetu hatujamwona ila katika picha.

Sasa nifike kwenye udi, nasema udi wa kupiga, si wa kufukiza. Nilijitwika mwenyewe kuuchora, kwa kiburi, kwa kuwa nilikuwa nimewacheka wenye jahazi. Nilichora tumbo la mviringo na shingo, ukatoka mzuri karatasini. Tulipoupunguza mpaka kimo chake cha kweli, rafiki yangu mmoja akauliza, "Upawa wa nani huu?" Klabu nzima ikacheka, na tangu siku hiyo jikoni wakinipakulia maharage huniuliza kama nataka kwa udi au kwa kanuni. Nilijaribu kuongeza nyuzi, zikawa uchafu. Nikaongeza tundu la katikati. Ukawa upawa uliotoboka.

Mwalimu wa klabu alinipatia ruhusa ya kutoka Jumamosi moja, tukaenda pamoja Ngamiani kwa mzee mmoja aliyepiga udi na gitaa katika ujana wake. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu, karibuni," kisha nikamtolea daftari langu. Hakucheka. Aliutoa udi wake katika mfuko wa kitambaa, akaulaza ubavu magotini, akasema, "Mbele hauna sura, mjukuu. Sura ya udi iko ubavuni." Kweli, kwa ubavu tumbo lake ni kama nusu ya papai, na kichwa chenye vigingi kimekunjwa kwa nyuma kama kiwiko. Hakuna upawa wenye shingo iliyokunjwa nyuma. Nilichora palepale barazani, na rafiki yangu yule hakupata la kusema.

Lakini nilipomweleza babu hasira yangu juu ya ile orodha ya 1991, na ya kuwa magitaa yamepewa nafasi nane nzima, alinikatiza. "Nani kakwambia gitaa si letu?" Akanikumbusha ya kuwa katika miaka ya 1960 na 1970 mji huu ulivuma kwa magitaa: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz katika dansi, na katika taarabu Black Star Musical Club, ambao walipiga taarabu kwa gitaa la umeme na besi wakati vyama vikubwa vya Unguja vikishikilia fidla na kanuni. Bi Shakila, ambaye sauti yake ilijulikana Afrika Mashariki nzima, aliimba na vyama vya hapa Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. "Usilifute gitaa ili uweke udi," akasema. "Lisogeze tu, wakae pamoja." Niliona haya, maana katika folda niliyoianza gitaa nilikuwa nimekwisha kulifuta. Nimelirudisha.

Liko jambo lingine, nalo limenitenga hata na baadhi ya waliokuwa upande wangu. Nasema kipicha kisicho na sauti yake ni uongo. Tulichora kayamba, ambalo ni rahisi kuliko ala zote, mstatili wa mabua na mistari yake. Kwa kuwa hatukuwa na sauti ya kayamba, tuliweka chini yake sauti ya manyanga tuliyoikuta katika kompyuta. Mwenzetu mmoja, Mdigo wa Mkinga, akabonyeza, akasikiliza, akasema, "Hili si kayamba. Hii ni chupa ya mchanga." Alikuwa sahihi. Kayamba ni bapa, mbegu zake hutiririka ndani ya mabua kutoka ubavu huu hata ule, na sauti yake huja kama mvua inayokaribia bati. Nilikuwa nimefanya kosa lilelile la wenye orodha ya 1991, ila mimi nilikuwa nimelifunika kwa picha nzuri, na picha nzuri yadanganya zaidi kuliko nafasi iliyo tupu. Asiyejua angebonyeza akaondoka akidhani amesikia kayamba. Kwa hiyo nilipendekeza kwamba hakuna kipicha cha ala kitakachoingizwa mpaka sauti yake irekodiwe kwa mpigaji wake. Wenzangu walikataa, kwa kuwa Siku ya Wazazi iko karibu na kabati linatakiwa lionekane limejaa. Katika kura ileile ya twiga wakaamua vipicha viingizwe sasa, sauti zitafutwe baadaye. Mimi sijaona bado kabati la shule hii lililojazwa baadaye.

Programu ya Hydrogen yenyewe inatufundisha adabu hii. Seti ya ngoma katika Hydrogen hubeba sauti zake, jina la aliyeitengeneza, na maneno ya ruhusa. Yaweza kubeba picha pia, na picha ina mahali pake pa kuandika ruhusa yake. Vitu hivi husafiri pamoja. Niliyaeleza hayo kwa babu wa Ngamiani, naye akauliza swali ambalo klabu haikuwahi kuuliza: "Sauti ya udi wangu ikishaingia humo, ni ya nani?"

Mwalimu alimjibu bila kuficha. Alimwambia ya kuwa tukiitoa kwa ruhusa huria, mtu ye yote, wa hapa au wa ng'ambo, ataweza kuitumia, hata katika wimbo wa kuuza. Jina la mpigaji laweza kuandikwa, lakini fedha hakuna, na kilichotolewa hakirudi. Baadhi ya wanachama walipopata habari hii walinuna, ati mwalimu alisema mno, na mzee angekubali kama asingeelezwa yote. Naona aibu kwamba maneno hayo yalisemwa katika klabu yetu. Kila mtu hapa hupenda singeli (najua walimu hawaipendi), na singeli nyingi za mwanzo zilitengenezwa kwa kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ilitoa mkusanyo wa singeli za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, muziki huo ukafika hata majukwaa ya Ulaya. Najivuna kwa hayo. Lakini ni nani kati yetu awezaye kutaja jina la mpiga fidla au kinanda aliyemo ndani ya vipande vile? Msaragambo ni wa hiari, na mtu hawezi kutoa kwa hiari kitu ambacho hakuelezwa kwamba anakitoa. Babu alinyamaza, akatumiminia kahawa, kisha akasema, "Tari chukueni. Tari ni ya watu wote. Udi nitafikiri."

Basi naomba mambo machache. Naiomba kamati ya klabu iite kura upya, na kabla ya kura twiga, Mwenge na Mlima vipelekwe kwa Kidato cha Kwanza vipimwe kama vilivyopimwa vingine, wakivijua, nitanyamaza. Nawaomba walimu watuachie chumba cha kompyuta Jumamosi mpaka saa kumi na mbili, badala ya saa kumi. Na ninyi wazazi wetu, mtakapokuja Siku ya Wazazi, aliye na zumari, manyanga au upatu nyumbani na aje nao, na kama yuko babu au shangazi ajuaye kuupiga, afadhali zaidi aje yeye. Tutawakalisha katika maktaba, palipo na kimya. Atakayesema sauti yake isitolewe, haitatolewa, naye atapewa chai kama wengine.

Mwezi wa Novemba nafanya mtihani wangu wa mwisho, na muhula utakaofuata sitakuwapo. Daftari la miraba nimemwachia kijana wa Kidato cha Pili, yule yule mwenye jahazi, ambaye sasa twasemezana, na ana mkono mzuri kuliko wangu. Tari imeingia pamoja na sauti yake. Kayamba limeingia na chupa ya mchanga, kinyume cha ushauri wangu, mpaka mwenzetu wa Mkinga atakaporudi na lile la baba yake. Daftari lile lina kurasa zote isipokuwa mmoja. Ukurasa wa udi nimeutoa kwa wembe, nao umo katika tranka langu, na kamati imekwisha kunidai mara mbili. Nitautoa siku babu atakapomaliza kufikiri.